Mgeni Akikutwa Ndani ya Chombo

(Mada iliyotolewa kwa watendaji wa vijiji, wazee wa kanisa na wenye vyombo vya majini, Kyela)

 

Nimeombwa kuzungumzia wazamiaji, yaani watu wanaojificha ndani ya chombo ili wafike nchi nyingine bila kibali. Wengi mkisikia neno hilo mnawafikiria vijana wetu wanaozamia meli za nje pale bandarini Dar es Salaam. Lakini sisi wa Itungi, Kiwira, Matema na Kasumulu tunawaona wa namna nyingine: Waethiopia na Wasomali wanaopitishwa huku kwenda Malawi, na mwisho Afrika Kusini. Hawa mara nyingi hawajifichi wenyewe. Wanafichwa na mtu aliyelipwa.

Nianze na baharini, maana huko utaratibu umeandikwa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1965 wa kurahisisha usafiri wa meli, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2002, unamtaka nahodha akimkuta mzamiaji atoe taarifa bandari anayoiendea, ampe chakula, malazi na matibabu. Afisa wa uhamiaji humhoji na kutafuta uraia wake, na nchi yake inatakiwa impokee. Gharama ya kumrudisha kwa kawaida humwangukia mwenye meli, na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu mzamiaji huonekana hasara. Mwaka 1984 nahodha wa meli ya Kigiriki Garifalia, iliyotoka Mombasa, aliwatosa baharini Wakenya 11 karibu na Somalia.

Huku ziwani hofu ni ile ile. Mwenye boti anaogopa kukamatwa, basi anawapakia usiku, anawajaza kupita kiasi, au anawashusha kwenye matete na kuwaacha. Juni 2012 Waethiopia zaidi ya 40 walizama katika ziwa hili hili, upande wa Karonga. Mwezi huo huo lori lilikutwa mkoani Dodoma likiwa na maiti za wenzao zaidi ya 40, waliokosa hewa.

Je, akikutwa kijijini kwako? Kuingia nchini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, na simshauri mtu kumficha mgeni, hata kwa huruma. Mpe maji na uji kwanza, kisha toa taarifa. Akiwa mtoto, mwite pia afisa ustawi wa jamii. Watu wazima wengi hufikishwa mahakamani. Wapo waliobaki gerezani hata baada ya adhabu kwisha kwa kukosa nauli ya kurudi kwao, na Shirika la Kimataifa la Uhamaji, IOM, limewasaidia Waethiopia wengi kurejea.

Sasa watendaji mnisikilize vizuri. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inasema anayetafuta hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu kuingia nchini, na miongoni mwa wale anaoweza kujitokeza kwao ni Afisa Mtendaji wa Kijiji. Ni ninyi hao! Si lazima afike Mbeya wala Dar es Salaam. Kwa hiyo kabla hajapelekwa popote, muulize: "Umekimbia nini?" Kama hajui Kiswahili, tafuteni mkalimani, kuonyeshana vidole hakutoshi. Akisema vita au mateso, andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, uyakabidhi pamoja naye. Si kazi yako kuamua kama ni kweli. Lakini usipoandika, mbele ya safari ataonekana mtafuta kazi tu kama wenzake aliokamatwa nao.

Nimeleta madaftari machache kwa kazi hiyo, mtayachukua kwa katibu. Wenye boti, nitabaki nanyi baada ya chai, maana najua yapo maswali msiyopenda kuyauliza mbele ya watu.