Kijana Aendaye Ng'ambo Atalala Wapi?

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wazazi na vijana wa Chepseon, katika Kaunti ya Kericho, juu ya makao ya wanafunzi wanaokwenda kusoma katika nchi za ng'ambo.



Kijana wa Chepseon apatapo barua ya kukubaliwa katika chuo cha ng'ambo, nyumba nzima hufurahi. Jamaa hukutana, harambee hufanywa, ng'ombe huuzwa, na hesabu huandikwa: karo kiasi hiki, nauli ya ndege kiasi hiki, koti la baridi kiasi hiki. Katika hesabu nyingi za namna hiyo kuna jambo moja ambalo huandikwa mwisho, au haliandikwi kabisa, nalo ni chumba cha kulala. Watu hudhani kwamba chuo kikishamkubali mwanafunzi kimempa na kitanda. Dhana hiyo imetoka katika shule za bweni za Kenya, ambako mtoto huingia na sanduku lake la bati akaonyeshwa mahali pake siku ile ile. Ng'ambo sivyo. Barua ya chuo ni ya kusoma tu. Chumba huombwa kwa maombi mengine, hulipiwa kwa fedha nyingine, na kina siku yake ya mwisho ya kuombwa.

Tena kuna shida ya majira. Mkulima wa chai wa Kericho hupokea fedha kidogo kila mwezi, lakini fedha zenye uzito, yaani bonasi, hutoka karibu na mwezi wa Oktoba. Vyuo vya Uingereza hufunguliwa mwezi wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na vingi hutaka maombi ya vyumba yawe yamefika tangu Juni au Julai. Basi kijana aliyengoja bonasi ya baba yake hukuta mabweni yamejaa, naye hulazimika kutafuta chumba cha mtu binafsi mjini, hali yeye mwenyewe bado yuko Chepseon, akitazama picha katika simu. Hapo ndipo walaghai wanapomngojea.

Hila yao ni moja, nayo haibadiliki sana. Mlaghai huchukua picha za nyumba ya kweli, huitangaza kwa kodi iliyo chini ya kodi za mji ule, kisha husema yeye yu safarini na hawezi kumwonyesha mtu nyumba. Lakini amana ikitumwa leo, funguo zitaletwa kwa posta. Mwanafunzi hufika na mizigo yake, akapiga hodi, akafunguliwa na mtu asiyejua habari zake. Hakuna atakayemrudishia fedha zile. Kwa hiyo jamaa na wafanye kama wanavyofanya wakinunua shamba: mtu wao aende akalione kwanza. Kama hakuna Mkenya wa kuaminika katika mji huo, yafaa kuiandikia ofisi ya makao ya chuo, maana vyuo vingi vina ofisi hiyo, na kuuliza kama mwenye nyumba huyo anajulikana.

Shida hii si ya jana. Mzee Jomo Kenyatta alipokuwa London alikaa katika nyumba ya kupanga, namba 95 Cambridge Street, mtaa wa Pimlico, kati ya mwaka 1933 na 1937, na leo ukutani pana kibao cha kumkumbuka. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Edinburgh tangu mwaka 1949 hata 1952, nako kulikuwa na nyumba maalum ya wanafunzi waliotoka katika makoloni. Mwaka 1950 shirika la British Council ndilo lililopewa kazi ya kuwapokea wanafunzi hao bandarini na katika vituo vya gari la moshi na kuwatafutia vyumba. Kazi hiyo ilikuwa nzito kwa sababu inayojulikana: wenye nyumba wengi waliwakataa watu weusi, na wengine waliandika hivyo waziwazi katika matangazo yao. Mwanafunzi aliweza kukubaliwa kwa simu, akafika mlangoni, akaambiwa chumba kimekwisha kuchukuliwa. Aliyepata chumba alikuta jiko la gesi lililotaka kulishwa sarafu, na sarafu zikiisha, moto nao ulizimika. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1965 juu ya ubaguzi wa rangi haikugusa kukodisha nyumba. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1968, nayo Marekani ikapata sheria ya namna hiyo mwaka huo huo. Wale wanafunzi 81 waliosafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi kwenda Marekani mwezi wa Septemba 1959, kwa juhudi za Bwana Tom Mboya na rafiki zake, walifika huko kabla ya kinga hiyo.

Siku hizi sheria humlinda mpangaji, lakini humlinda yule aijuaye. Katika England, tangu mwaka 2019, mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana iliyozidi kodi ya majuma matano kwa nyumba za kawaida, wala fedha za kushikia chumba zilizozidi kodi ya juma moja. Tena amana ya mpangaji wa kawaida wa mtu binafsi yapasa iwekwe katika mfuko uliokubaliwa na serikali kabla ya siku 30 kupita, na mpangaji apewe habari zake kwa maandishi. Jambo linalowasumbua zaidi wageni ni mdhamini, maana wenye nyumba hutaka mtu anayekaa Uingereza atakayelipa kodi mwanafunzi akishindwa. Baba aliye Chepseon, hata awe na ekari ngapi za chai, hakubaliwi. Kwa miaka mingi mwanafunzi asiye na mdhamini alitakiwa kulipa kodi ya miezi sita mbele. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inamkataza mwenye nyumba binafsi katika England kudai zaidi ya mwezi mmoja mbele, kwa mikataba inayoanza tangu tarehe 1 Mei 2026. Mabweni ya vyuo yana taratibu zake.

Mkataba wa bweni nao usomwe pole pole. Watu wa nchi ya chai wamezoea nyumba za kambi katika mashamba makubwa: kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Bweni la ng'ambo laweza kuwa kinyume chake. Mwanafunzi aweza kuacha masomo mwezi wa Januari, lakini mkataba wake ukamdai kodi mpaka Juni.

Kila nchi ina desturi yake. Ujerumani, mtu akihamia katika nyumba hana budi kuandikishwa katika ofisi ya mji kwa muda wa majuma mawili, akiwa na karatasi ya mwenye nyumba. Bila karatasi hiyo mambo mengi hukwama. Finland kuna mashirika ya makao ya wanafunzi, kama HOAS ya Helsinki iliyoanzishwa mwaka 1969, ambayo kodi zake ni nafuu. Lakini vyumba vyake vingi havina samani, na mgeni aweza kufungua mlango akakuta sakafu tupu, bila kitanda wala taa ya mezani.

Jina la Finland lina uchungu katika nchi hii. Wazazi wa Uasin Gishu, kaunti inayopakana na Kericho upande wa kaskazini, walilipa fedha nyingi katika mpango wa kupeleka vijana wao kusoma Finland na Kanada. Mwaka 2023 ikajulikana kwamba karo za wengine hazikufika vyuoni, na Seneti ikachunguza habari hiyo. Mzazi aliyekuwa ameuza shamba alibaki na stakabadhi mkononi. Kwa sababu hiyo ni afadhali fedha zilipwe moja kwa moja kwa chuo, na kodi kwa shirika lenye bweni lenyewe, hata kama mtu wa katikati ni jirani au mheshimiwa.

Yabaki usiku wa kwanza. Ndege nyingi hufika saa ambazo ofisi za mabweni zimefungwa, basi kijana na aulize mapema funguo zitachukuliwa wapi na kwa nani. Anwani ya chumba aiandike katika karatasi, kwa kuwa simu huzimika. Akiisha kuingia, kabla ya kufungua sanduku, apige picha ya kuta, godoro, madirisha na kila kitu kilichovunjika, azipeleke kwa mwenye nyumba usiku ule ule, na nakala moja aitume kwa mama yake nyumbani.