Mtoto Akionewa Shuleni: Njia za Kisheria Alizo Nazo Mzazi



Mazungumzo ya leo yanahusu uonevu shuleni: mtoto kupigwa, kutishwa, kunyang'anywa chakula au pesa, kulazimishwa kuwafulia wakubwa nguo, kudhihakiwa kwa sababu ya kabila, umaskini au ulemavu, au kuandamwa kwenye simu. Katika shule nyingi za bweni mambo haya huchukuliwa kuwa desturi ya kumpokea mwanafunzi mgeni, yule anayeitwa "mono". Sheria ya Kenya haiitambui desturi hiyo.

Mtoto anapoonewa, wazazi wengi hufanya moja kati ya mambo matatu. Wapo wanaomwambia avumilie, kwa kuwa nao walipitia hayo hayo. Wapo wanaoingia shuleni kwa hasira wakimtafuta aliyempiga. Na wapo wanaokopa pesa za karo na sare mpya, wakamhamisha mtoto kimyakimya. Wa kwanza humwacha mtoto peke yake. Wa pili huenda akashtakiwa yeye. Wa tatu hulipia kosa ambalo si lake, huku waonevu wakingoja mgeni mwingine. Ipo njia ya nne, nayo ni ya sheria. Hatua zake nyingi hazina malipo. Zinahitaji karatasi, tarehe na subira.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kila aina ya ukatili, na kinasema kuwa maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinapiga marufuku mateso na ukatili dhidi ya mwanafunzi, uwe wa mwili au wa akili. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili. Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza pia kumnyanyasa mtoto mtandaoni. Juu ya hayo, Kanuni ya Adhabu inahesabu kumpiga na kumjeruhi mtu kuwa uhalifu, hata kama limetendeka ndani ya ua la shule.

Jambo kubwa ni hili: mzazi anapomwacha mtoto langoni, shule inachukua dhamana ya kumtunza kama ambavyo mzazi mwangalifu angemtunza. Dhamana hiyo iko kwa shule za umma na za kibinafsi vilevile. Kwa hiyo jibu la "watoto walikuwa wakicheza tu" halimalizi jambo. Shule inapaswa kueleza ilijua nini, ilijua lini, na ilifanya nini baada ya kujua.

Hatua ya kwanza: shule yenyewe

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko nayo ni hivyo hivyo. Mzazi akishazungumza na mwalimu wa darasa, aandike barua kwa mwalimu mkuu, na nakala kwa mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi. Barua haihitaji lugha ya mawakili. Inatosha kusema: "Usiku wa tarehe 9, baada ya masomo ya jioni, mwanangu alipigwa bwenini na wanafunzi watatu. Godoro lake lilimwagiwa maji. Alimweleza mwalimu wa zamu asubuhi yake. Naomba shule ichunguze, inieleze itamlindaje kuanzia leo, na inijibu kwa maandishi katika muda wa siku 7."

Apeleke nakala mbili. Moja ibaki shuleni, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa arudi nayo nyumbani. Pamoja nayo ahifadhi picha za majeraha, kadi ya hospitali, jumbe za simu zisizofutwa, na daftari la tarehe za kila tukio. Ikiwa mtoto ana shahidi, jina lake liandikwe mapema kabla shule hazijafungwa.

Shule ya umma ikikataa kutoa taarifa ya uchunguzi wake, mzazi anaweza kuiomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi la aina hiyo linapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Si kila karatasi itatolewa, kwa sababu watoto wengine nao wana haki ya faragha, lakini shule itakuwa imelazimika kujibu.

Hatua ya pili: ofisi za elimu

Hapa wakazi wengi hupotea njia. Katiba inaipa serikali ya kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Uonevu ukitokea huko, malalamiko yaende kwa idara ya elimu ya kaunti. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Barua kuhusu shule hizo iende kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo, kisha kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, ambaye licha ya cheo chake ni afisa wa Wizara ya Elimu. Ofisi ya gavana haina mamlaka ya kumwadhibu mwalimu mkuu wa shule ya upili, na mzazi anayengoja hapo anapoteza wiki ambazo mtoto hana.

Iko pia Bodi ya Elimu ya Kaunti, iliyoundwa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi hiyo anaweza kukata rufaa kwa Jopo la Rufaa za Elimu. Ikiwa mwonevu ni mwalimu, au mwalimu aliarifiwa akanyamaza, malalamiko yapelekwe pia kwa Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Na ikiwa afisa wa umma anakalia barua bila kujibu, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko ya namna hiyo bila malipo.

Hatua ya tatu: polisi na afisa wa watoto

Mtoto akiwa ameumizwa, hatua hii isingoje hatua zile mbili. Kwanza hospitali, kisha kituo cha polisi. Mzazi ahakikishe tukio limeandikwa kwenye OB na apewe nambari yake. Polisi watatoa fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kueleza majeraha. Fomu hiyo haiuzwi.

Ikiwa mtoto amedhulumiwa kingono, asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla hajaonwa na daktari, na afikishwe hospitalini ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi. Kesi kama hii si ya kusuluhishwa kwa mbuzi wala kwa kikao cha wazee.

Afisa wa watoto wa kaunti ndogo naye anaweza kuingilia kati, na simu ya watoto, nambari 116, haina malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Mzazi ajue pia kwamba mara nyingi mwonevu naye ni mtoto. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajui kutenganisha jema na baya, mpaka mahakama ithibitishiwe vingine. Sheria inaruhusu pia kesi ya mtoto ielekezwe nje ya mahakama, kwa ushauri nasaha, kuomba msamaha au kulipa fidia. Hilo halimaanishi kwamba shule imesamehewa. Mwonevu anapokuwa mdogo, swali la watu wazima waliokuwa zamu huwa zito zaidi.

Hatua ya nne: mahakama

Mzazi anaweza kuishtaki shule kwa uzembe akidai fidia ya matibabu na maumivu. Dai lisilozidi Sh1,000,000 linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo pale ilipo, na humo mdai anaweza kujisemea bila wakili. Ikiwa haki ya kikatiba ya mtoto imevunjwa, Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mzazi kwenda mahakamani kwa niaba yake. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Mahakama zimeonyesha kuwa wajibu huu si maneno matupu. Mwaka 2015, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya wasichana wawili waliodhulumiwa na naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mwalimu huyo, TSC na serikali walipatikana kuwa na lawama kwa pamoja, na wasichana wakapewa fidia ya jumla ya Sh5,000,000. Kesi hiyo ilihusu dhuluma ya mwalimu, lakini funzo lake ni pana: mtendaji peke yake siye anayewajibika, hata waliopewa dhamana ya kumlinda mtoto wanawajibika.

Muda nao ni mali. Madai ya uzembe dhidi ya serikali kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miezi 12, na dhidi ya wengine ndani ya miaka 3. Sheria humpa nafasi zaidi aliyeumizwa akiwa mtoto, lakini mashahidi huhama na kumbukumbu hufifia. Ni salama kumwona wakili mapema.

Mambo ya kuepuka

Mzazi asimpige wala kumtisha mtoto wa mwenzake. Hilo ni kosa la jinai. Asitangaze jina wala picha ya mtoto yeyote katika kundi la WhatsApp la wazazi, awe mwonevu au aliyeonewa. Asidai mwonevu afukuzwe shule papo hapo, kwa maana mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumfukuza mwanafunzi kwa neno lake tu. Na asitie saini makubaliano ya "kusahau yaliyopita" kabla hajajua hali ya afya ya mtoto wake.

Zaidi ya yote, mtoto aulizwe anataka nini ili ajisikie salama: kubadilishiwa bweni, kukaa na mwalimu wa ushauri nasaha, au kutofuatwa njiani. Jibu lake liingie katika barua ile ya kwanza, tena mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.