KURA MOJA NI KUBWA
(Mazungumzo ya Katibu wa Chama kwa wanaushirika)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya kura. Yaliyopita mnayajua. Tulichagua kamati ya ushirika, kura zikahesabiwa mbele yetu, aliyeshinda akamzidi mwenzake kwa kura mbili tu. Tangu siku hiyo maneno hayaishi. Ati walioharibu ni wale wasiojua kusoma. Sasa imeletwa hoja kwamba Jumamosi mkutano mkuu ubadili masharti yetu, asiyejua kusoma na kuandika asipige kura. Nani alistahili kushinda, hilo silisemi. Nasema juu ya hoja hiyo.

Kwanza, kura kupishana kidogo si ajabu. Januari 1961 watu wa Zanzibar walichagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, viti 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika: wawili wakaenda Hizbu, mmoja Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11. Ngoma droo!

Sasa sikilizeni. Kiti cha Chake Chake, kule Pemba, Afro-Shirazi ilikipata kwa kura moja. Moja tu. Tufanye hesabu kama tunavyofanya kwenye kisomo. Toa kiti kimoja huku, tia kule: 10 kwa 12. Basi kura ile moja ndiyo iliyozuia upande mmoja kushika serikali siku ile.

Je, ilikuwa kura ya nani? Hakuna ajuaye. Labda ya mvuvi, labda ya mwenye duka. Na labda ya mama, maana katika uchaguzi wa 1957 wanawake wa Zanzibar hawakuruhusiwa kupiga kura, na mwaka 1961 wakaruhusiwa. Ukianza kuwachambua watu mlangoni, huyu apite, yule arudi, hujui unayemrudisha ni nani.

Na huku bara mchezo huo tuliuona. Uchaguzi wa 1958 wakoloni waliweka masharti: mpiga kura awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa fulani. Mkulima wa jembe la mkono angezipata wapi paundi 150? Wengi walibaki nje, wakichaguliwa viongozi na wengine. Wazee wetu walipigania mambo hayo yaishe. Mwaka 1965, watu wazima wengi wakiwa bado hawajui kusoma, wagombea walipewa alama, huyu jembe, huyu nyumba. Mtu akaitazama alama akapiga kura yake. Leo sisi tuurudishe mlango ule ule tulioubomoa?

Wenye hoja wana neno moja la kweli. Wanasema asiyesoma hudanganywa na anayemsaidia. Hilo lipo. Lakini dawa yake si kumfukuza. Tazameni mizani yetu. Wako wenzetu wasioweza kusoma namba za mizani. Je, tuliwahi kusema pamba yao si yao? Hapana! Tulisema mizani iwekwe uwanjani, karani asome kwa sauti, kila mtu aone. Kura nayo ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo mimi napendekeza haya:

1. Kila mgombea apewe alama, kama jembe na nyumba.
2. Sanduku lifunuliwe, watu wote waone kuwa ni tupu, ndipo kura zianze.
3. Kila mgombea aweke mtu wake wa kuangalia hesabu.
4. Kila karatasi ionyeshwe na kusomwa kwa sauti. Zilizoharibika ziwekwe kando, nazo zihesabiwe.
5. Jumla ilingane na idadi ya waliopiga kura. Isipolingana, hesabu irudiwe pale pale.
6. Matokeo yabandikwe hapa ukutani siku hiyo hiyo.

Msidhani nakuza mambo. Zanzibar walirudia uchaguzi Juni 1961, watu wakiwa hawaaminiani tena. Fujo zilianza siku ya kupiga kura, na watu 68 waliuawa. Majirani, waliokuwa wakichota maji pamoja. Kutoaminiana huanza kwa maneno kama haya yetu ya kilabuni.

Mwisho, ninyi mnaojua kusoma na mnaoudhika kwa ajili ya wasiojua, darasa la kisomo lipo jioni, na walimu hawatoshi. Njooni mfundishe. Huyo mnayetaka kumnyima kura mkimfundisha, hoja yenu imekwisha yenyewe.

Katika ushirika mwanachama mmoja ana kura moja, mwenye ekari ishirini na mwenye nusu ekari. Jumamosi njooni wote, wasomi na wasiosoma. Hoja ile tuijibu kwa kura.



Katibu wa Chama, Kijiji