Choo Kipo, Nani Anakitumia?



Tumezoea kupima usafi wa vijiji vyetu kwa kuhesabu mashimo. Bwana afya hufika nyumbani, huuliza kama kuna choo, huchungulia, huandika, kisha huenda kaya ya pili. Hoja yangu jioni hii ni kwamba swali lake ni jema lakini limeishia njiani. Kaya ihesabiwe kuwa na choo pale tu ambapo kinyesi cha kila aliyemo, kuanzia mtoto anayetambaa hadi bibi ambaye magoti hayamruhusu tena kuchuchumaa, kinaishia shimoni, usiku na mchana, kiangazi na masika.

Kuchimba si jambo dogo, na Watanzania walilimudu mapema. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vikundi hivyo havikuishia kwenye mazungumzo: watu walichimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Lakini urithi huo ulituachia pia mazoea ya kuona shimo lililochimbwa kuwa ndio mwisho wa kazi. Kampeni ya kitaifa ya usafi wa mazingira iliyoanza mwaka 2012, na Nyumba ni Choo iliyofuata, zilisogeza mjadala kwenye ubora wa choo chenyewe: sakafu inayosafishika, mfuniko, mlango, mahali pa kunawia. Hizo ni hatua za kweli. Hata hivyo, zote bado zinaeleza jengo, wala hazimwelezi mtumiaji.

Tazameni utafiti uliofanywa katika wilaya 10 za vijijini Tanzania, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Kata zilizopata uhamasishaji wa vyoo zilichaguliwa kwa kura, kisha zikalinganishwa na zile ambazo hazikuupata. Kaya zenye choo bora zilikuwa takriban asilimia 65 kwa upande mmoja na 50 kwa upande wa pili, na kujisaidia ovyo kulikuwa asilimia 11 dhidi ya 23. Ni mafanikio makubwa. Lakini watafiti walipoipima afya ya watoto, hawakuona tofauti. Wapo waliosoma matokeo ya namna hii wakahitimisha kwamba vyoo havina faida, na mimi siafikiani nao hata kidogo. Vimelea havisomi wastani wa kata. Mabuu ya safura hutoboa ngozi ya mguu mtupu unaokanyaga udongo uliochafuliwa, na udongo huo huchafuliwa hata na kaya chache, hata na mtu mmoja ndani ya kaya yenye choo kizuri. Nzi wanaoeneza trakoma, ugonjwa uliopofusha wengi huko Kongwa na kwingineko Dodoma, huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi ardhini, wala hawazaliani ndani ya choo cha shimo. Na kinyesi kinachoachwa uani mara nyingi ni cha mtoto mdogo. Wazazi wengi hukiona hakina madhara kwa kuwa mtoto bado ananyonya, na mtoto mwenyewe huogopa tundu, giza na magogo ya sakafu yanayotikisika. Hofu yake ina msingi, maana magogo yaliyoliwa na mchwa huvunjika kweli. Basi yule anayeugua zaidi kwa uchafu ndiye ambaye choo hakikujengwa kwa ajili yake, na kwenye daftari kaya yake imewekewa alama ya vema.

Mtu mzima naye ana sababu zake. Magharibi mwa Kenya zipo jamii ambamo baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja, kwa heshima. Choo kimoja katika boma la namna hiyo kina maana kwamba mmoja wao anakwenda kichakani, na karipio la mgeni mwenye fomu halitambadilisha. Kinachosaidia ni kuwauliza wenye boma, na kupanga vyoo viwili.

Nitaambiwa kwamba ninadai makubwa kwa watu maskini: kwanza wapate shimo, mengine yatafuata. Umaskini ninauheshimu, ila ndio hasa unaonifanya niulize. Mkulima aliyetumia nguvu zake kuchimba shimo ambalo watoto hawalisogelei amepata hasara mara mbili. Sakafu ndogo ya zege ya sentimita 60 kwa 60, iliyobuniwa Msumbiji kwa ajili ya kaya za kipato cha chini, haimalizi hata mfuko mmoja wa saruji, na mtoto huweza kuikanyaga bila hofu. Nitaambiwa pia kwamba faini za serikali za vijiji zimefanya kazi. Zimefanya, kwa shimo: limechimbwa mbele ya macho ya bwana afya, nalo huota nyasi mlangoni akishaondoka. Pingamizi zito zaidi ni kwamba matumizi ya choo ni siri ya mtu na hayapimiki. Nakubali kwamba hatuna ruhusa ya kumchunguza mtu chooni. Lakini njia iliyokanyagwa huonekana, maji kwenye kibuyu chirizi cha kunawia mikono huonekana, utando wa buibui mlangoni huonekana, na mama akiulizwa kwa adabu kinyesi cha mwanawe wa mwisho kimetupwa wapi leo asubuhi, atajibu.

Kwa hiyo naiomba wizara yenye dhamana ya afya, pamoja na halmashauri zetu, ziongeze katika daftari la kijiji safu za mtoto, mzee, mlemavu na mkwe. Nanyi wanafunzi mnaokwenda vijijini kukusanya takwimu, msisubiri daftari hilo libadilishwe ndipo muulize.