Taarifa Kabla ya Uamuzi
(Maandishi ya mada kwa wakazi wa kata)



Uamuzi wa taasisi hauwezi kuwa bora kuliko taarifa iliyoutangulia. Kiongozi anayetangaza jambo likiwa limekwisha kuamuliwa hupata wasikilizaji. Anayetoa taarifa mapema hupata washiriki. Mawasiliano ya kimkakati ni kupanga nani aelezwe nini, lini na kwa njia gani, ili uamuzi uwe wa wote.

Nchi jirani ya Uganda inatoa funzo. Katika miaka ya 1990, serikali yake ilitoa ruzuku kwa shule za msingi kupitia wilaya. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulibaini kuwa, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo ilizifikia shule. Walimu na wazazi wengi hawakujua kiasi walichostahili, na asiyeijua haki yake hawezi kuidai. Serikali ikaanza kutangaza mgawo huo magazetini, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika. Mageuzi mengine ya fedha nayo yalichangia, lakini ni vigumu kuamua kwa siri juu ya fedha ambazo kila mzazi anakijua kiasi chake.

Hapa Tanzania, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi ya juu katika mambo ya kijiji, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Nafasi hiyo hupungua nguvu pale ajenda inapojulikana mkutanoni, au mapato na matumizi yanaposomwa harakaharaka jua likizama. Mikono itanyooshwa, lakini uamuzi utakuwa wa wachache.

Kwa hiyo ni wajibu wa viongozi kubandika ajenda na hesabu mapema kwenye mbao za matangazo, kuzieleza kwa lugha nyepesi, na kurudisha majibu ya hoja zilizoulizwa. Wajibu wa mwananchi ni kusoma, kuhudhuria na kuuliza: fedha kiasi gani zimepokelewa, zimetumikaje, na nani aliamua?

Mficha maradhi, kifo humuumbua.