Hotuba ya Mwenyekiti: Vidonge vya Presha na Nguvu za Misuli Yetu



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha miaka 10. Habari za akiba na mikopo atazisoma mweka hazina. Sisi tunaomba kusema jambo moja la afya. Tulipoanza wengi tulikuwa na miaka arobaini. Sasa tumevuka hamsini, na presha imeingia kikundini.

Wengi wenye presha tunapewa vidonge vya kukojosha. Vinaifanya figo itoe chumvi na maji, presha inashuka. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na inatukinga na kiharusi. Lakini mkojo ule unaweza kutoka pia na potasiamu na magnesiamu. Potasiamu ndiyo inayosaidia msuli kushika maji yake ndani, ukaze na kulegea vizuri. Ikipungua sana, ndipo mama anasema miguu inakaza usiku, jembe limekuwa zito, moyo unadunda ovyo.

Jamani, tuchukue mfano wa sanduku letu. Fedha zetu nyingi haziko sandukuni, ziko mikononi mwa waliokopa. Ukihesabu sanduku tu, hujaijua hali ya kikundi. Potasiamu nayo ni hivyo hivyo. Katika kila sehemu 100 mwilini, kama 98 zimo ndani ya seli, nyingi katika misuli. Damuni ni kidogo mno. Kwa hiyo damu inaweza kupimwa ikaonekana sawa huku misuli imepungukiwa. Ndiyo maana kupima ni lazima, na kusema unavyojisikia ni lazima vilevile.

Sasa tusikilizane, akina mama. Misuli ikikaza, usiache dawa mwenyewe, maana presha itapanda kimya kimya. Nenda zahanati. Mganga anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa. Usimwazime jirani kidonge chako, hata kama mnaumwa presha wote. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, kwa vyakula vyote, kwani chumvi ikizidi potasiamu inapotea zaidi. Ndizi, maharage, mchicha na madafu vina potasiamu. Ila mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa nyingine za presha, aulize kwanza, maana potasiamu ikizidi nayo ni hatari kwa moyo. Ukiharisha au kutapika, wahi kituoni, usingoje.

Mwisho, tunaleta ombi kwenye mkutano mkuu. Mfuko wetu wa jamii unasaidia msibani. Tunaomba usaidie na walio hai: mwanachama akopeshwe nauli na gharama ya kupima damu, bila riba. Sanda tunachangishana bila kubishana. Kipimo kitushinde kwa nini?

Umoja wetu udumu!