Kompyuta Iliyojizima

Somo: Kutoka 18:13-24



Kwetu Kabras, Januari na Februari ni miezi ya jua kali. Matrekta ya miwa hupita mchana kutwa, na vumbi la barabara huingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Basi kompyuta ilipoletwa katika ofisi ya kanisa letu, akina mama waliifumia kitambaa cheupe kizuri, kama tunavyofunika redio na viti nyumbani. Sote tulifurahi.

Siku moja tulikuwa na haraka. Ripoti ya mwaka ilitakiwa kesho yake. Binti mmoja wa kanisa alikaa mbele ya mashine hiyo tangu asubuhi, nami nikawa naingia kila mara na karatasi zaidi. Kwa kuogopa vumbi, nilimwagiza asiondoe kitambaa hata anapofanya kazi. Alasiri mashine ikaanza kuvuma na kwenda polepole. Binti akasema, "Mzee, imepata moto sana. Tuipumzishe kidogo?" Nikamjibu, "Mashine haichoki. Endelea."

Punde ikazimika, na kazi ya saa mbili ikapotea. Nilimkaripia mtoto huyo mbele ya watu, nikasema ameharibu mali ya kanisa. Akatoka akilia.

Tukamwita fundi kutoka Malava. Alipoifungua alitikisa kichwa. "Mzee, haikuharibika. Imejizima ili isiungue." Akanieleza kwamba umeme unaopita katika kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote hugeuka kuwa joto. Kazi ikiwa nzito kwa muda mrefu, joto huongezeka. Feni hulisukuma nje kupitia matundu. Lakini matundu yakizibwa kwa vumbi au kitambaa, joto hubaki ndani. Hapo mashine hupunguza mwendo yenyewe, na joto likifika karibu nyuzi 100, nyingi hujizima. Akapuliza vumbi, akatuagiza tuifunike ikiwa imezimwa na kupoa tu, na kazi tuihifadhi mara kwa mara.

Wapendwa, aliyeitengeneza mashine ile aliiwekea kikomo. Je, binti yule nani alimwekea kikomo? Jioni nilimfuata kwao. Mama yake akaniambia kwamba mtoto hakuwa amekunywa hata chai tangu asubuhi. Niliona haya. Nilimwomba msamaha, na Jumapili nikarudia maneno hayo mbele ya wale waliosikia nikimkaripia.

Katika somo letu, Musa aliketi akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Kazi ilikuwa njema, tena ya Mungu. Lakini Yethro, baba mkwe wake, aliona jambo ambalo Musa hakuliona: kwamba mzigo ule ungemchosha yeye pamoja na watu wake. Akamshauri achague wasaidizi wenye kumcha Mungu. Musa, ingawa alikuwa mkuu, alisikia shauri hilo. Mimi binti aliponishauri sikusikia.

Katika kila kanisa yuko mama anayelima, anayechota maji, anayepika, na bado tunamwongezea kamati. Yuko mwalimu, yuko mchungaji, yuko kijana mmoja anayejua kuandika. Tunawaambia, "Wewe ni hodari, hakuna mwingine." Sifa hiyo ni kitambaa kizuri, lakini yaweza kuziba matundu. Mtu huyo akianza kwenda polepole, tunasema amepoa katika imani, kumbe amezidiwa.

Msikilizaji, nani nyumbani kwako amepata moto? Usingoje azimike. Mpokee mzigo leo, hata ndoo moja ya maji. Na kama ni wewe unayezidiwa, sema. Si dhambi kusema umechoka.

Tuombe. Ee Baba, wewe wajua kwamba sisi tu mavumbi. Utusamehe kwa wale tuliowalemeza, utupe masikio ya kusikia wanapotuonya. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.